Uso Wangu Si Bango Lenu

“Usiniguse uso, Kieron.”

“Nasawazisha poda tu, mpenzi. Imekolea hapa kidevuni.”

“Haijakolea. Hicho ndicho kidevu changu siku hizi.”

Mpiga picha akashusha kamera, akajifanya anahangaika na taa. Bwana Rudge, mwenye duka, alikuwa ameegemea rafu ya vichupa vya ladha, kikombe cha chai mkononi, ananitazama kama mtu anayekagua nyama buchani.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, Burslem, mjini Stoke, Uingereza, ndani ya duka la vepu, zile sigara za umeme, liitwalo Mawingu. Walichotaka ni sura yangu wakaitundike kwenye duka lao jipya la mtaa wa Hanley, na chini yake waandike: CORINNE ALIACHA SIGARA. NAWE UNAWEZA.

Kinachouma ni kwamba lilikuwa neno la kweli. Nilivuta tangu nina miaka kumi na mitano, pakiti kwa siku. Mama yangu alivuta kunizidi, mapafu yakamzika akiwa na miaka hamsini na mitatu. Siku tuliyomzika nilisimama nje ya duka hilihili na gauni langu jeusi, natafuta kiberiti. Kieron Machin akatoka ndani, hanijui simjui.

“Dada,” akasema, “kama huwezi kuiacha kwa ajili yako, iache kwa ajili ya uliyetoka kumzika.”

Akanipa vepu, akanifundisha kuivuta. Mwezi wa pili sigara ikaniondoka. Mwezi wa nne nikampa moyo. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu, na tarehe sita Juni tulikuwa tunafunga ndoa.

“Tutumie picha ya zamani,” Bwana Rudge akasema. “Ile ya sherehe ya Krismasi mwaka juzi. Ngozi yake ilikuwa bado, mnanielewa.”

“Bado nini?” nikamuuliza.

“Bado inauzika, bibie. Usinune. Ni biashara.”

Nikamgeukia Kieron. Kieron akaitazama sakafu.

“Hata ile ni nzuri,” akasema. “Si ni wewe yuleyule?”

Nikasaini ile karatasi yao ya ruhusa. Nilijua Bwana Rudge amemwahidi Kieron umeneja wa duka la Hanley, na nilijua anautaka kiasi gani. Mapenzi yakishika kalamu hayasomi.

Chunusi zilianza vuli iliyopita. Kwanza mbili pembeni mwa mdomo, halafu zikashuka kidevuni, zikafuata taya huku na huku kama watu waliopanga foleni. Si zile za usichana zinazokuja na kuondoka. Hizi zilikaa, zikauma, zikipona zinaacha doa la zambarau. Na Kieron, kila nilipolalamika, alikuwa na la kusema.

“Badilisha foronya, mpenzi. Kila siku ya pili.”

Nikafua foronya kama dobi wa hoteli.

“Kunywa maji. Vikombe vinane.”

Nikanywa mpaka nikawa sitoki chooni.

“Punguza jibini na chokoleti.”

Nikala chapati za oti bila jibini. Mtu wa Stoke kula chapati ya oti kavu ni kama kwenda harusini peku. Nikafanya hata hilo.

“Basi ni mawazo ya harusi,” akasema mwishowe, ananipapasa nywele. “Yatapita.”

Nikamwamini. Alisema taratibu mno, ungemwamini na wewe.

Kazi yangu ni kuchora vikombe na sahani kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo. Maua, majani, mstari wa dhahabu ukingoni. Kwenye benchi la pembeni yangu hukaa Mama mdogo Beryl, mdogo wake marehemu mama, mwaka wa arobaini na moja kazini, na mkono wake haujawahi kutetemeka.

“Siku hizi unalivuta hilo dude hata chooni,” akaniambia siku moja wakati wa chai.

“Navuta ladha ya embe, Mama mdogo.”

“Embe. Embe gani linaota Burslem?”

Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Akanishika taya kwa vidole vyenye rangi, akaugeuzia uso wangu dirishani.

“Paji safi. Mashavu ya juu safi. Vyote viko chini, moshi unapopita. Mimi si daktari, ila sijapofuka. Nenda kamwone Bi Nusrat.”

Bi Nusrat ni mfamasia wa mtaani kwetu, mama wa makamo, miwani puani, haogopi mtu. Akanitazama ngozi bila kukunja uso.

“Unavuta sigara?”

“Niliacha. Navuta vepu.”

“Kwa siku mara ngapi?”

“Sijui. Kama ninavyopumua.”

Akaweka kalamu mezani.

“Nikwambie ninachojua na nisichojua. Sikuapii kwamba ndiyo iliyokuletea chunusi. Utafiti bado mchanga, na yeyote anayekuambia ana hakika, awe upande wowote, mshuku. Ila nikotini hubana mishipa ya damu, basi kidonda huchelewa kupona. Yale maji yanayotoa moshi hunyonya unyevu, ngozi ikakauka na kuwasha. Na wapo ambao miili yao haipatani na ladha fulani. Kwa hiyo shusha nikotini ngazi kwa ngazi, kisha uache, tuonane baada ya wiki nane. Na sikiliza, bibie. Usirudi kwenye sigara. Afadhali chunusi mia kuliko kurudi kule.”

“Na foronya?”

“Foronya safi haijamdhuru mtu. Nani kakuambia habari za foronya?”

“Mchumba wangu. Anauza vepu.”

Bi Nusrat akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Jumapili iliyofuata tulialikwa kwa mama yake Kieron, nyama ya kuoka, viazi na mchuzi mzito. Sisi watu wa vyombo tuna desturi yetu. Ukiketi mezani, kabla chakula hakijapakuliwa, unaigeuza sahani juu chini usome muhuri wa kiwanda. Wageni hutuona hatuna adabu. Mama mkwe wangu angeona sina adabu nisipogeuza.

“Ya kwetu,” nikamwambia.

“Ningekulisha kwenye ya nani?” akajibu, tukacheka.

Mkono wa mtu wa vyombo ukishazoea kugeuza, hauchagui. Unageuza chombo cha maua cha jirani, unageuza kisahani cha sabuni hotelini. Kieron alipoondoka na sahani chafu kwenda jikoni, vepu yake ilikuwa mezani kando ya bakuli la mchuzi. Isipokuwa wakati wa kula alikuwa haiachi, anaivaa kwa kamba shingoni, amri ya Bwana Rudge kwa wauzaji wote. Mkono wangu ukaiokota, ukaigeuza.

Kwa chini unaiona pamba inayonyonya yale maji. Ya kwangu ni ya hudhurungi, kama chai iliyolala. Ya kwake ilikuwa nyeupe. Nyeupe pee, kama imetoka dukani. Nikaiweka mdomoni, nikavuta. Taa ikawaka. Hakikuja kitu. Kavu.

“Hiyo?” mama mkwe akasema, anakusanya vijiko. “Si aliiacha baada ya mwaka mpya? Vile vipele vya shingoni vilimtesa mwanangu, hata kola ilikuwa haivaliki. Vimeisha vyote. Alikuambia, sivyo?”

“Hajaniambia, mama.”

Akaviweka vijiko chini, kimoja kimoja.

Nilisema kichwa kinauma, nikaondoka kabla ya pudini. Sikutaka kugombana mezani kwa mtu aliyenipikia.

Kesho yake nilipotoka kazini nikaenda moja kwa moja Mawingu. Kieron hakuwepo, alikuwa Hanley anapanga rafu. Alikuwepo Jodie, muuzaji mwenzake, na wateja watatu wamepanga mstari mbele yake.

“Pita huku nyuma ukae, shosti. Anarudi sasa hivi.”

Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta. Usawa wa macho yangu, mahali mteja hawezi kuona, palibandikwa karatasi.

MTEJA AKILALAMIKIA NGOZI.

Moja: mwambie abadilishe foronya kila siku ya pili.

Mbili: mwambie anywe maji, vikombe vinane.

Tatu: muulize kama anakula jibini na chokoleti.

Nne: mwambie ni mawazo tu, yatapita.

Usiitaje vepu kabla hajaitaja yeye.

Nikasoma mara mbili. Mpangilio ni uleule. Hata hesabu ya vikombe. Maneno niliyoambiwa kichwa changu kikiwa kifuani kwake yalikuwa yamebandikwa kwa gundi nyuma ya mashine ya kupokelea malipo.

“Jodie, hii imebandikwa lini?”

“Tangu Oktoba. Walikuwa wanakuja kila wiki na nyuso zao. Mzee akasema tusibishane nao, tujibu hivyo. Kieron anaijua kwa moyo.”

“Hata mimi,” nikasema.

Sasa nikuambie kitu, maana mimi nina ugonjwa wa kutosahau. Mama wa bibi yake mama yangu aliitwa Hephzibah. Alifanya kazi chumba cha kuchovya, wanakotumbukiza vyombo kwenye uji wa kuving'arisha, na uji wa zama zile ulikuwa na madini ya risasi. Wanawake wa chumba kile mikono ililegea, wengine wakapofuka, mimba zikaharibika. Mabwana wakabandika kanuni ukutani: nawa mikono, safisha kucha, usile na nguo za kazi. Mwanamke akianguka wakasema, hakunawa. Hephzibah alinawa mpaka ngozi ikachubuka, na bado alizika watoto watatu. Vepu si risasi, silinganishi ugonjwa. Nalinganisha karatasi ukutani. Bwana Rudge hakubuni chochote. Alinakili.

Kieron akaingia anapiga mluzi. Akaniona nilipokaa. Mluzi ukafa.

“Jodie, funga mlango,” akasema.

“Usifunge,” nikasema. “Uliacha lini?”

“Nani kakuambia?”

“Sijauliza nani. Nimeuliza lini.”

“Januari. Tarehe kumi.”

“Kwa nini?”

“Shingo ilikuwa imejaa. Nikasema nijaribu. Wiki sita ikakauka.”

“Na mimi?”

Akakaa juu ya boksi.

“Niliogopa, Corinne. Nilikuona siku ya mazishi ya mama yako. Nikawaza, nikimwambia aache hii, atarudi kwenye ile. Naapa.”

“Hiyo ni nusu. Nipe nusu iliyobaki.”

Jodie akageuka ukutani akawa anapanga vichupa vilivyokwisha kupangwa.

“Bango,” Kieron akasema, sauti imeshuka. “Nisingeweza kupewa Hanley na huku mchumba wangu ameacha bidhaa kwa sababu ya uso.”

“Kwa hiyo mmoja wetu alikuwa anapona, na mwenzake anakuwa tangazo.”

“Lakini hata sina hakika kama ni vepu. Hakuna mwenye hakika.”

“Sikulaumu kwa kutojua. Bi Nusrat hajui, na alinitazama machoni akasema hajui. Wewe ulijua kiasi cha kuiokoa shingo yako. Uso wangu ukausomea karatasi.”

Alitaka kunishika mkono. Nikauondoa.

“Mwambie mzee wako asiitundike picha yangu.”

“Ulisaini.”

“Nilisaini picha. Mdomo sikusaini. Jumamosi mkizindua Hanley nitakuja.”

Siku nne zilizobaki sikupokea simu yake. Jumatano saa ya chai ukaingia ujumbe:

“Nimeongea na Rudge. Anasema bango limeshachapishwa. Anasema kama lazima uje, uje na poda. Naomba usije kabisa. Nakupenda.”

Mama mdogo Beryl alikuwa anasoma juu ya bega langu, haoni haya.

“Anakupenda. Na mficha uchi hazai, mwambie.”

Nikajibu: “Nitakuja. Poda naiacha nyumbani. Mapenzi njoo nayo wewe.”

Jumamosi asubuhi nilinawa uso kwa maji, basi. Tukapanda basi kwenda Hanley wanawake saba wa kiwandani, na aprini zetu za kazi, madoa ya dhahabu kifuani. Hakuna aliyewaita. Nilipotoka nyumbani niliwakuta kituoni wamesimama.

Mbele ya duka pana maputo, muziki, watu kama hamsini. Bwana Rudge akavuta kamba, pazia likaanguka, na mimi huyo, urefu wa mtu na nusu, laini kama kikombe kilichotoka tanurini. Wakapiga makofi. Nikapenya katikati yao, nikasimama chini ya uso wangu.

Makofi yakapungua, yakaisha.

“Ndiye huyu?” msichana mmoja akamnong'oneza mwenzake. “Mbona hivi?”

“Ndiye,” nikamjibu. “Yule ni mimi wa mwaka juzi. Huyu ni mimi wa leo. Sigara niliacha kweli, hawajawadanganya hapo. Waliwaficha hiki kidevu.”

Bwana Rudge akaja anatabasamu, meno yote nje.

“Mabibi na mabwana, bibi harusi wetu mtarajiwa. Mnajua tena, mawazo ya harusi, ngozi nayo...”

“Hilo ni la nne, Bwana Rudge,” nikasema. “Umeruka foronya.”

Jodie aliyekuwa mlangoni akacheka kabla hajajizuia. Uso wa Bwana Rudge ukabadilika rangi.

“Kieron,” akasema, “mtoe mchumba wako hapa. Funguo unazo mkononi, duka lako hili, lianze vizuri.”

Kila mtu akamgeukia Kieron. Alikuwa kwenye ngazi na suti niliyomchagulia mimi. Mkono mmoja una funguo. Alinitazama, na mimi sikumsaidia. Sikumkonyeza, sikumwomba. Nilisimama tu nimenyoosha shingo. Nilijua ninachoweza kukipoteza pale: mwanamume niliyempenda kuliko wote, na alikuwa hatua sita kutoka kwangu.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi. Nikaijua kwa gundi iliyokauka pembeni.

“Hii ilikuwa nyuma ya kaunta yetu Burslem,” akasema. Akaikunjua, akaanza kusoma. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Na ule mstari wa mwisho.

“Nimewasomea watu hii tangu Oktoba,” akaendelea. “Nikamsomea na yeye, nyumbani, kama vile nimeitoa moyoni. Mimi niliacha Januari. Hii niliyovaa shingoni ni kavu. Wewe unayeitumia kuacha sigara, endelea, usirudi nyuma. Ila ngozi yako ikilalamika usikubali kuambiwa foronya. Nenda kwa mfamasia, umuulize.”

“Umefukuzwa,” Bwana Rudge akasema.

“Najua.”

Akampa funguo. Akachukua kiti, akapanda, akaanza kulibandua bango kutoka juu, taratibu, lisichanike. Mama mdogo Beryl akaenda kumshikia kiti.

“Usidhani nakupenda,” akamwambia. “Sitaki tu uanguke kabla hajakumaliza yeye.”

Tulitembea hadi kituoni, Kieron nyuma yetu, amekumbatia lile bango lililokunjwa.

“Nikufanyie nini?” akaniuliza.

“Sijakusamehe.”

“Najua.”

“Naanza kuacha leo. Nitakuwa mkali kama nyigu.”

“Nitakuwepo.”

“Na usiniambie ninywe maji.”

“Sitataja hata mto.”

Nikacheka bila kutaka, nikakasirika kwa kucheka.

Haikuwa rahisi, na sitakudanganya. Nilishusha nikotini ngazi kwa ngazi kama nilivyoelekezwa. Mara mbili nilisimama mbele ya kaunta ya kituo cha mafuta nikizitazama sigara kama mtu aliyemwona mume wake wa zamani. Mara zote mbili nilimpigia Kieron, naye akaongea nami habari za mpira, za paka wa mama yake, za chochote, mpaka nikawa nimefika nyumbani. Siku moja nilimtukana dakika ishirini nzima kuhusu Januari. Hakukata simu, hakujitetea. Nilipomaliza akasema, “Kuna lililobaki?” Nikasema, “Kesho.” Akasema, “Sawa, kesho.” Hapo ndipo nilipoanza kumsamehe.

Wiki ya tisa kidevu kilikuwa kimetulia. Vilibaki vitatu na madoa. Je, ilikuwa vepu? Sijui. Huenda ilikuwa vepu, huenda ni krimu aliyonipa Bi Nusrat, huenda ni kukosa kumwona Bwana Rudge. Mtu asiniwekee maneno mdomoni.

Tarehe sita Juni, ukumbi wa manispaa. Msajili, mwanamke mdogomdogo mwenye sauti nzuri, alitaka kuhakiki maandishi kabla hatujaanza.

“Kazi ya bwana harusi?”

“Mpakia tanuri,” Kieron akasema. Ilikuwa wiki yake ya tatu kiwandani kwetu, mikono ina malengelenge, na alilitamka kama cheo.

“Ya bibi harusi?”

“Mchoraji wa vyombo.”

“Baba wa bibi harusi?”

“Mchimba makaa.”

“Mama wa bibi harusi?”

Mama mdogo Beryl alipoolewa hakuna aliyemuuliza hilo. Wala bibi yangu, wala Hephzibah. Miaka na miaka cheti cha ndoa kilikuwa na nafasi ya baba tu. Nafasi ya mama ni ya juzijuzi, na haikuja kwa kulala.

“Maxine Tunnicliffe,” nikasema.

“Yu hai?”

“Amefariki. Lakini andika kazi yake kwanza. Mchoraji wa vyombo.”

“Andika kwa herufi kubwa, mwanangu,” Mama mdogo Beryl akasema kutoka kiti cha mbele. “Tumengoja sana.”

Msajili akainama, akaandika.